Nusu ya Nyumba ya Mwalimu

Mwalimu alikuwa mnunuzi mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona, na mimi nimewaona wengi. Ukimwambia gauni ni mia tano, anatoa mia tano. Haguni, hageuki kama anayeondoka, hasemi yule wa kule ana zuri zaidi. Nilikuwa nauza mitumba Kirumba, miaka ile soko lilipofunguliwa na kila mtu Mwanza akawa anamuuzia jirani yake kitu. Siku ya kwanza alipolipa bei niliyoitaja nikajisikia mwizi. Nikamrudishia mia moja.

"Hii ya nini?"

"Umezidisha, Mwalimu."

"Ulisema mia tano."

"Nilisema, lakini sikumaanisha."

Akanitazama kwa miwani yake mizito kama mtu anayesahihisha daftari. "Sasa unasemaje kitu usichokimaanisha?"

Nilitaka kumweleza kwamba biashara yote ya Kirumba imesimama hapo hapo. Mwezi uleule nikawa mpangaji wake.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita, ua, na nyuma yake jabali kubwa lililowanyima majirani njia. Nilivihesabu vile vyumba siku ya kuhamia, nikavihesabu tena baada ya wiki, maana mtu anayekubali bei ya kwanza anaweza pia kusahau chumba. Viwili walikaa yeye na mume wake. Kimoja alikiita darasa, alifundishia tuisheni za mchana. Vitatu tulipanga. Mume alikuwa karani wa ushirika wa pamba mpaka walipompunguza kazi, na tangu hapo alikaa barazani na gazeti la juzi. Mtu mpole. Nasema hivyo mapema kwa sababu katika habari kama hizi msomaji anamtafuta mwanaume mbaya, na yule hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya, Mwalimu labda angejihadhari.

Shuleni alifundisha Historia. Wanafunzi walimwita Mama Marekani, si kwa sababu aliwahi kufika, hakuwahi kuvuka hata Bahari ya Hindi, bali kwa sababu ya kitabu. Kilikuwa kitabu kinene cha historia ya Marekani kisicho na jalada, kimefungwa kwa uzi wa viatu. Mtaala ulimtaka afundishe ile vita ya kumfukuza mfalme wa Uingereza, vipindi vichache tu, halafu asonge mbele. Yeye hakusonga. Alibaki kwenye miaka ileile ya mwanzo ya jamhuri yao, akawa anawauliza wanafunzi swali moja: wanaume wamemfukuza mfalme, wameandika karatasi kwamba watu wote wameumbwa sawa, haya, jioni hiyo karatasi ilipokauka wino, wake zao walikuwa wanafanya nini?

Wavulana walicheka. Msichana mmoja, alitusimulia, alijibu: "Walikuwa wanapika." Akampa alama zote.

Sisi wanawake wa uani tulisoma hicho kitabu bila kukifungua. Tukiwa tunachambua dagaa, au mimi nikiwa nashona vifungo kwenye mashati yaliyokuja bila vifungo, yeye alikuwa akitoka darasani na chaki nyuma ya sikio, akaketi kwenye kigoda, akaanza. Aliwazungumzia wale wanawake kama majirani. Kulikuwa na mke wa mkubwa mmoja, aliyemwandikia mumewe akiwa kwenye mkutano wa kutunga serikali: mnapotunga sheria zenu mpya, wakumbukeni na wanawake, msiwape waume madaraka yasiyo na mpaka.

"Akajibu nini?" nikauliza.

"Akamjibu kwamba amemchekesha."

"Aliomba vibaya," nikasema. "Ukianza na kukumbukwa, umeshataja bei ya chini. Angeanza na nusu ya viti."

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Alicheka kama mtu anayepiga chafya, mara tatu tatu. Lakini siku ya pili alirudi na jibu, kwa sababu hakuwahi kuacha swali likae na njaa. Akasema yule mama asingeweza kuanza na nusu. Kwa sheria yao, mwanamke akiolewa, yeye na mume wanakuwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ni mume. Shamba alilokuja nalo ni la mume. Mshahara wake ni wa mume. Watoto ni wa mume. "Sasa utapatanaje bei, Mama Kija, na mtu ambaye mfuko wako umo ndani ya suruali yake?"

Hapo nikashika tena sindano yangu. Mimi si mtu wa kumwachia mwingine bei ya mwisho.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya jimbo dogo moja la huko, ambako kwa miaka kadhaa mwanzoni wajane na wasioolewa waliokuwa na mali walipiga kura. Walikwenda kabisa, na kofia zao, wakapiga. Halafu wanaume wa baraza wakaona kura hizo zinawachanganyia hesabu, wakakaa, wakazifuta. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna aliyefungwa, mlango ulifungwa tu. Ulipokuja uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi, Mwalimu alitukusanya wanawake wa mtaa, tulikuwa kumi na saba, nikahesabu tena tukawa kumi na nane maana mmoja alikuwa ameinama anafunga kiatu, akatupeleka kujiandikisha. Njiani akatuhadithia tena habari ya jimbo lile. Mama mmoja Mjita akamwambia, "Mwalimu, mbona hadithi yako inaishia vibaya na sisi ndio kwanza tunakwenda?"

"Ndiyo maana twende haraka," akasema.

Nilimuuliza siku moja sisi tungekuwa wapi katika kitabu kile. Maana wake za wakubwa, wajane wenye mashamba, nilishawaelewa. Lakini mimi ni Msukuma mweusi kama sufuria. Alifungua kitabu, akatafuta ukurasa, na kwa mara ya kwanza hakusimulia, alisoma. Ilikuwa orodha ya mali ya mtu aliyekufa, ili igawiwe. Farasi. Ng'ombe. Vitanda viwili. Halafu jina la mwanamke, jina moja tu, na umri wake, na bei.

"Baada ya ng'ombe," akasema.

"Na yule mke aliyeomba kukumbukwa, aliwakumbuka hawa?"

Akafunga uzi wa kitabu mara mbili. "Hapo ndipo ninapoachana naye," akasema, akarudi darasani.

Mtu akimsikia hivyo atadhani nyumbani kwake alitembea na fimbo. La. Saa nane mchana alikuwa anafundisha usawa. Saa kumi na moja mume akirudi kutoka kutafuta gazeti, alipiga magoti akampa maji ya kunawa. Magoti yote mawili, sakafuni, kila siku. Shemeji zake wakija kutoka ng'ambo ya Ziwa, kwao Kagera, alipiga magoti tena, na chakula alipika mwenyewe hata kama amesahihisha madaftari mpaka mkono umekufa ganzi. Nilimuuliza. Nisingekuwa mimi kama nisingemuuliza.

"Mwalimu, hawa Wamarekani wako wangekuona hivyo wangesemaje?"

"Magoti ni yangu," akasema. "Ninayaweka ninapotaka."

Ni jibu zuri. Nililibeba siku nzima. Kufika jioni nikaona kwamba sijawahi kumwona akiyaweka mahali pengine.

Alikuwa na tabia ya kuuliza, kila mtu aliposema mila inataka hivi au sheria iko vile: "Nani ameandika?" Mwenye duka akisema bei zimepanda, nani ameandika? Mchungaji akisema wanawake wakae kimya, nani ameandika? Tulimwiga. Watoto wa mtaa walimwigiza wakicheza. Na alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuuona, wa herufi zilizosimama kama askari wa gwaride. Kwa sababu ya mwandiko huo wanawake walimjia kutoka Igogo, Mabatini, mpaka Usagara, wakiwa na shida zao: mume amekufa ndugu wamebeba mpaka mlango, mume yu hai lakini ameuza kiwanja na mwanamke yumo ndani. Aliwaandikia barua kwa mkuu wa wilaya, kwa hakimu, kwa askofu. Hakuchukua kitu. Zote zilianza na unyenyekevu mwingi, na nikamwambia tena kwamba ndipo alipokosea, kwamba muuzaji akikuona umeinama bei inapanda. Akasema wale wa Marekani hawakuwa na kura wala mali, walikuwa na kitu kimoja tu walichoruhusiwa, kuandika maombi. "Waliandika kwa unyenyekevu mpaka karatasi inainama, Mama Kija. Lakini karatasi ilibaki kwenye faili. Ndiyo maana mimi leo nawasoma."

Katika barua zote hizo, alipomaliza, alimwambia mwenye shida neno moja la ziada: "Jina lako liwe kwenye karatasi ya kiwanja. Lako. Si la mwanao, si la kaka yako."

Sasa naja kwenye lile ambalo nimekuwa nalizunguka.

Nyumba aliijenga yeye. Najua kwa sababu fundi alikuwa wa kwetu, Misungwi, na alinihadithia tofali kwa tofali. Mshahara wa mume ulikula chakula na nauli za ndugu. Mshahara wa Mwalimu na tuisheni zake ndio uliopandisha ukuta. Mabati aliyanunua matatu matatu, kila mwisho wa mwezi, kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, Mungu amsamehe. Lakini walipopewa kiwanja, miaka ya nyuma kabla sijawajua, ofisi ya ardhi iliwapa fomu. Mume akasema, andika wewe, mimi mwandiko wangu ni wa karani, unakimbia. Mwalimu akaketi, akajaza. Penye jina la mmiliki aliandika jina la mume.

Hakuna aliyemlazimisha. Alinieleza mwenyewe, tukiwa tunaosha vyombo. "Ilikuwa nafasi ya jina moja. Nikaona nikiandika langu, mtu atamwita ofisini amuulize kama yeye ni mwanaume. Nikamwonea huruma."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilimwambia tuongeze langu. Akasema tutaongeza. Hakukataa hata siku moja."

"Ukamkumbusha?"

"Akaanza kuumwa." Akafuta sahani ileile mara ya pili. "Ukimwambia mgonjwa abadilishe karatasi, anaona unamsubiri afe."

Nilitaka kumuuliza nani ameandika. Ilifika mpaka kwenye meno. Nikaimeza.

Mume akafa mwezi wa masika. Walimsafirisha kwa meli ya Bukoba, wakamzika kwao, na siku za msiba zilipokwisha wazee watano wa ukoo wakashuka Mwanza kuja kumaliza mambo. Mkubwa wao alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu, mtu mwenye adabu, aliyevaa koti hata saa saba mchana na aliyemsalimia kila mpangaji. Waliketi uani. Niliweka viti mimi. Wanaume watano, viti saba, na Mwalimu ameketi kwenye mkeka. Viti viwili vilibaki vitupu mkutano mzima na hakuna aliyeviona isipokuwa mimi.

Shemeji alianza kwa kumsifu. Akasema mama huyu amemtunza ndugu yetu. Akasema hatumfukuzi, mama waitu, mama yetu huyu, hakuna wa kumfukuza. Ila Mungu hakuwajalia mtoto, na nyumba ya mtu asiye na mtoto inarudi kwa baba zake, ndiyo mila. Mwalimu anaweza kubaki, kama ataridhia kuwa chini ya shemeji kama mke wa nyumba. Kama hataridhia, kwao wapo, Ukerewe si mbali, na nauli watatoa.

Nilisimama mlangoni kwangu na shati mkononi. Mimi si wa ukoo, sina kauli. Lakini kuna kitu kinanipata nikisikia bei imetajwa na upande wa pili haujibu.

"Wazee, shikamooni," nikasema. "Naomba niongee kama mpangaji. Mama huyu amejenga. Mpeni nusu."

"Marahaba, mwanangu. Nusu ya nini?"

"Ya nyumba. Vyumba vitatu."

Wakatabasamu wote watano. Si kwa ubaya. Ndivyo unavyomtabasamia mtoto aliyeomba baiskeli.

"Basi theluthi," nikasema. "Hata Wamarekani wa zamani, waliokuwa wabaya kiasi hicho, mjane walimwachia theluthi aitumie mpaka afe. Vyumba viwili."

"Sisi si Wamarekani," akasema shemeji.

"Chumba kimoja, basi. Kile cha darasa. Aendelee na watoto."

"Mwanangu," akasema shemeji, taratibu, "kitu unachokipatania si chake."

Na hapo ndipo nilipojua kwamba nimepatana maisha yangu yote bila kuelewa kazi yangu. Nilidhani mdomo ndio unaoshusha bei. Kumbe mdomo unafanya kazi kama una kitu cha kuondoka nacho, au miguu ya kuondokea. Mwalimu hakuwa na kimojawapo. Nilimtazama ili aseme. Alikuwa anatazama mikono yake.

Ndipo mzee mmoja akasema muhtasari uandikwe, na mwingine akasema, nani ana mwandiko, na wa tatu, bila hila yoyote, nina hakika, akasema: "Si mama yupo hapa, mwalimu mzima?"

Wakampa daftari na kalamu. Akapokea.

Aliandika kila kitu. Tarehe, waliohudhuria, agenda. Shemeji alikuwa anatamka, yeye anaandika. "Andika: Marehemu alijenga nyumba kwa nguvu zake." Kalamu ikasimama.

"Kwa nguvu zake," akauliza Mwalimu, "au kwa nguvu zake peke yake?"

Shemeji akafikiri. "Peke yake."

Akaandika. Nilisubiri lile swali lake. Mtaa mzima ungelisubiri. Halikuja. Mwisho akaandika "Mwandishi" na chini yake jina lake, herufi zimesimama wima.

Wakanipa na mimi nishuhudie, kwa kuwa mpangaji si ndugu wala si adui. Nilisoma mara mbili, nikasaini. Nilijiambia kwamba nisiposaini atasaini mwingine. Nilijiambia pia kwamba msimu wa mvua si wakati wa kutafuta chumba. Sababu zilikuwa mbili na ya pili ndiyo iliyoshika kalamu.

Jioni nilimfuata chumbani. "Mwalimu, kwa nini uliandika?"

"Nilidhani nikiandika mimi," akasema, "hawataweza kuandika uongo."

Alikataa kuwa chini ya shemeji. Akaenda mahakama ya mwanzo na barua aliyoiandika mwenyewe, na unyenyekevu wake wote. Nilikwenda kumsindikiza. Hakimu alikuwa kijana, aliyewahi kukaa darasani kwake, akasimama kumwamkia kabla ya kuketi. Kisha akainua ule muhtasari.

"Mwandiko huu ni wa nani, Mwalimu?"

"Wangu."

"Na hapa panaposema marehemu alijenga peke yake?"

"Niliandika nilichoambiwa."

"Uliambiwa na nani uandike uongo?"

Mwanamke aliyewaandikia barua wanawake wa wilaya tatu alisimama pale, na kila neno alilolihitaji lilikuwa upande wa pili wa meza, kwa mkono wake. Hakimu aliandika hukumu huku ameinamisha kichwa. Nadhani aliona haya. Haya yake haikumsaidia mtu.

Mwalimu akastaafu, akafunga vitu. Ukoo ulimpa kitanda, vyombo, na kitabu, hicho hakuna aliyekitaka. Alipanda meli ya Nansio akakae kwa kaka yake. Alikata rufaa mahakama ya wilaya. Na mimi nikabaki kwenye chumba changu, kodi namlipa shemeji, ambaye alikuwa mwenye nyumba mzuri, alitengeneza hata bomba.

Rufaa ilichukua miaka. Inaahirishwa, faili halionekani, hakimu amehamishwa. Mwalimu alikuwa anavuka kila tarehe, anafika asubuhi, anaambiwa arudi, anarudi na meli ya mchana. Akipita sokoni ananisalimia, ananunua kitu kwa bei ya kwanza. Kisha siku moja akaniletea wito. Mahakama imekubali mashahidi wapya. Fundi wa Misungwi atakuja na aliyekuwa akimuuzia mabati atakuja. "Na wewe utasema kuhusu ile siku," akasema. "Utasema tu ulichoona. Usizidishe, najua wewe."

Nilikubali. Wiki hiyo shemeji alipita kuchukua kodi, akasema kwa upole uleule kwamba shahidi ana uhuru wake, na mtu huru anaweza kukaa popote mjini.

Siku ya shauri nilifungua robota la makoti. Yalikuwa makoti themanini na mawili. Niliyahesabu mara nne.

Sikumwona Mwalimu tena mpaka nyumba ilipouzwa. Shemeji aliiuza kwa mfanyabiashara wa minofu ya samaki, mmoja wa wale waliotajirika na sangara, aliyetaka kiwanja tu, ajenge ghala la barafu. Tulipewa siku kumi na nne. Nilihamisha vitu vyangu, na asubuhi ya siku ya kumi na tano nilisimama ng'ambo ya barabara nikatazama wanavyobomoa. Mchana hapakuwa na kitu ila jabali. Niliona kwamba mtu lazima amwambie, na angalau mara moja katika jambo lile huyo mtu awe mimi. Nikapanda meli ya Nansio.

Nilimkuta uani kwa kaka yake, kwenye kiti cha plastiki, kitambaa magotini. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, meupe kama maji ya mchele. Mke wa kaka yake alikuwa chini anamenya mihogo, pamoja na majirani wawili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo ni sauti ya Kirumba." Akanyoosha mkono, akanishika kiganja, akaendelea kukishika. Hakuniuliza kwa nini sikuja siku ile. Ningependa angeniuliza. "Umekuja siku yake hasa. Nimeletewa bahasha jana na humu ndani hakuna wa kuisoma. Kaka yuko ziwani."

Ilikuwa hukumu ya rufaa. Kurasa tatu, kwa Kiingereza, na mihuri.

"Mwalimu, mimi Kiingereza changu ni cha kwenye lebo za nguo."

"Soma herufi. Mimi nitaelewa."

Ndivyo tulivyofanya. Nilisoma kama mtoto wa darasa la tatu, neno kwa neno, bila kujua ninasema nini, na yeye ananirekebisha matamshi, halafu anawageukia wale wanawake na kuwaambia kwa Kiswahili. Kwamba mahakama imesikia ushahidi wa fundi. Kwamba imesikia wa muuza mabati. Kwamba mke aliyejenga kwa jasho lake hawezi kuhesabiwa kama mgeni ndani ya ukuta wake. Majirani wakaacha kumenya. Kwamba muhtasari ulioandikwa na mjane katika msiba, mbele ya wanaume watano wa ukoo, hauwezi kuchukuliwa kuwa hiari yake. Kwamba mrufani ana haki ya nusu ya nyumba.

"Nusu!" akasema mke wa kaka, na akapiga kigelegele kimoja, kifupi, cha mtu asiye na hakika.

"Nusu ya vyumba sita?" Mwalimu akaniuliza mimi.

"Vitatu."

"Vitatu. Chumba cha darasa nitakirudisha. Kimoja changu. Na kimoja, hiki kwa ajili ya wale wa barua, maana walikuwa wanatoka mbali wanalala stendi." Alicheka ile chafya yake, mara tatu. "Jumatatu kuna meli. Wewe rudi unifagilie."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu nimeyapanga tangu melini. Yakatoka matatu tu.

"Mwalimu, nyumba haipo."

"Ameiuza?"

"Ameiuza. Na aliyeinunua ameibomoa. Wiki iliyopita. Nilikuwepo."

Mihogo ilikuwa imesimama mikononi mwa watu. Kuku alipita katikati yetu.

"Walianzia wapi?" akauliza.

"Ukuta wa mbele."

"Hawajui kazi," akasema. "Nyumba unaanza kuifumua bati. Bati lingemfaa mtu." Nilitazama magoti yake chini ya kile kitambaa. Alikuwa ameyawekea viganja vyote viwili.

"Endelea," akasema. "Kuna ukurasa bado."

"Mwalimu, nimekwambia nyumba haipo."

"Nimesikia. Sijakwambia ujenge. Nimekwambia usome."

Nikasoma. Ulikuwa ukurasa mfupi, mistari saba, jina la hakimu, muhuri. Alitafsiri kila mstari kwa sauti ileile ya darasani, ameinua kidevu, kama kuna wanafunzi wa nyuma wasiosikia. Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi kuliko yote.

"Asiyeridhika na hukumu hii," akasema, "ana haki ya kukata rufaa."

Mke wa kaka yake aliinua uso. "Asiyeridhika ndiye nani hapo, wifi?"

"Aliyeshindwa."

"Na aliyeshinda ni wewe?"

"Ni mimi," Mwalimu akasema.

Wifi yake alinitazama mimi, akamtazama yeye. Halafu akachukua muhogo mwingine, akaanza kuumenya.